Shahidi wa Arobaini

Kama saa ya moyo ya Bi Tumpe isingekataa kusikia asubuhi ile, binti yake Subilaga angefika Ukumbi wa Mihuri mapema, angepewa karatasi mlangoni kama mashahidi wenzake, na mji mzima wa Itekele ungeendelea kulala usingizi mnono juu ya godoro lenye nyoka.

Lakini ilikataa. Mvua ya Itekele haina adabu. Hunyesha miezi kumi, na miwili inayobaki hupumzika ili irudi na nguvu. Muuguzi Lugano alituma amri ya kwanza hewani kutoka kwenye mtambo wa zahanati, na kwa mvua ile saa iliyokuwa kifuani mwa mama haikujibu. Akatuma ya pili. Kimya. Subilaga alikuwa akienda dirishani na kurudi kitandani, akienda na kurudi, mpaka mama yake akachoka kumtazama.

"We mtoto, kaa! Unanipandisha presha na presha yenyewe sina."

Amri ya tatu ikapokelewa. Lugano akapumua.

"Imesikia. Saa mbili na dakika hamsini nimeiweka sawa. Mama, usiondoke hapa mpaka niiweke tena saa sita kasoro kumi. Ikipita masaa matatu itaanza kupotea njia."

"Sifi leo," Bi Tumpe akasema. "Nimeacha maharage jikoni." Akamsukumia binti yake kadi ya zahanati iliyolowa. "Nishikie hii, pochi imejaa maji. Na ukimbie. Leo ndiyo siku yako ya kwanza kushuhudia, halafu unachelewa kama bibi harusi!"

Subilaga akakimbia, kadi mkononi.

Watu elfu sita mia mbili na kumi na wawili wa Itekele waliishi kwa saa za namna hiyo tangu homa ya vumbi ilipopita na kuilegeza mioyo ya kizazi kizima. Saa ilipokea amri hewani: ongeza, punguza, tulia. Saa ikishasikia amri haiulizi mara mbili, kwa hiyo kila amri ilipigwa muhuri, na mihuri yote ilisimama juu ya namba moja tu. Namba Kuu, waliiita. Ilikuwa na tarakimu elfu thelathini, na sifa yake ilikuwa moja: ni tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Siku ikigawanyika, anayevijua vigawanyo vyake angeweza kuchonga muhuri wake mwenyewe nyumbani, akauambia moyo wowote autakao: simama.

Ndiyo maana kila baada ya miaka kumi mji ulikusanyika kuiapisha.

*

Alipoingia ukumbini, mvua ikimtiririka mgongoni, mashahidi thelathini na tisa walikuwa wameshainamia vikokotozi vyao. Walikaa kwa umri, wakubwa mbele. Mlangoni hakukuwa na mtu. Mgawa karatasi alikwisha kuingia, na karatasi zake ameingia nazo.

Ile karatasi ilikuwa na namba ya Mzee Gwakisa. Ni yeye, mkuu wa mashahidi, aliyerusha kete saa nzima katika uapisho wa kwanza miaka thelathini iliyopita, ili apate namba ya kushuhudia isiyochaguliwa na mtu. Sheria ilimtaka kila shahidi arushe kete zake. Lakini shahidi wa pili, mtu mwenye haya, aliinuka siku ile akasema yeye ni nani hata atoe namba yake mbele ya mkubwa? Angechukua ya Mzee na kuizidisha kwa yenyewe, basi. Ukumbi ulimpigia makofi. Wa tatu naye akachukua ya Mzee, kipeo cha tatu. Wa nne, kipeo cha nne. Kufikia jioni jambo lilikuwa limegeuka desturi, na desturi ikishapigiwa makofi nani ataigusa? Kete ziliwekwa kabatini, na namba ya Mzee haikubadilishwa tena.

Subilaga akaketi kiti cha arobaini, cha mwisho kabisa. Kuzungumza kulikatazwa wakati wa hesabu. Aliona aibu kunyoosha mkono na kuuambia mji wote kwamba amechelewa, tena matangazo yanaruka hewani moja kwa moja. Kikokotozi kilimwuliza: namba ya shahidi? Akatazama mkononi. Kadi ya mama. Tatu, sifuri, nane, moja, nne, nne, saba. Akaiandika, akabonyeza, akasema moyoni kwamba potelea mbali, hesabu ni hesabu.

Hesabu yenyewe si ya siri. Shahidi huichukua namba yake na kuizidisha kwa yenyewe mara nyingi kupita kiasi, na kila hatua hubakiza tu baki la kugawanya kwa Namba Kuu. Mwishoni baki hilo linasema. Shahidi akisema namba si tasa, habishiwi. Ni kweli tupu, hata kama hajui inagawanyika kwa ngapi. Akisema hana neno, hapo kuna shaka kidogo, kwani huenda amedanganyika. Lakini kwa namba isiyo tasa, katika kila mashahidi wanne, watatu au zaidi hawadanganyiki. Wakiwa arobaini, nafasi ya wote kudanganyika ni moja katika milioni ya milioni ya milioni ya milioni. Watoto wa Itekele walifundishwa hayo shuleni, wakamaliza kwa kuimba kwamba penye wengi hapaharibiki neno.

Kengele ikalia. Mzee Gwakisa akasimama mbele, fimbo mkono mmoja, akaanza kuwaita.

"Shahidi wa pili. Namba yako umeitoa wapi?"

"Kwa mkubwa wangu."

"Una neno?"

"Sina neno nayo."

"Shahidi wa tatu. Namba yako umeitoa wapi?"

Ilikuwa zamu ya shahidi wa kumi na nne pale kikokotozi cha Subilaga kilipotetemeka. Akakitazama. Taa nyekundu. SI TASA.

*

Akarudia. Aliirudia ile sehemu ya mwisho ya hesabu, hatua kwa hatua. Nyekundu. Akakagua kama ameandika Namba Kuu vibaya, lakini Namba Kuu huingizwa na ofisi na haibadilishwi na shahidi.

Wa kumi na nane alikuwa anasema hana neno. Subilaga alimtazama yule mama mnene akikaa kwa furaha, na hapo ndipo jambo lilipomjia, mpaka akaona joto masikioni. Shahidi akidanganyika, kila kipeo cha namba yake kinadanganyika pamoja naye. Cha pili, cha tatu, cha arobaini, vyote. Alilijua hilo tangu chuo. Alilifanyia mtihani akapata maksi nzuri. Ila hakuwahi kulihusisha na ukumbi huu, kwa sababu ukumbini kulikuwa na Mzee, na Mzee alikuwa Mzee. Miaka thelathini mji ulijivunia mashahidi arobaini, kumbe ulikuwa na shahidi mmoja, na huyo mmoja alidanganyika.

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini Subilaga alikuwa muhakiki wa namba kwa kazi, na mkono wa muhakiki hautulii. Namba zinazodanganya mashahidi kirahisi zina ukoo wao unaojulikana: zina vigawanyo viwili, kimoja karibu maradufu ya kingine. Ukiishuku namba kuwa ya ukoo huo, unaigawa kwa mbili, unatafuta kipeuo cha pili, kisha unachungulia majirani. Akafanya hivyo ili ajitoe wasiwasi tu. Wakati shahidi wa ishirini na sita anakaa, Namba Kuu ilipasuka vipande viwili kwenye kioo chake, bila baki.

Sasa alikuwa ameshika mioyo elfu sita mkononi. Akavifuta vile vipande upesi, kama mtu aliyejikuta ameshika kisu cha mtu mwingine. Lakini alikuwa ameshaona jinsi vilivyopatikana, na jambo lililopatikana kwa kikokotozi cha ofisi katika muda wa mashahidi wachache, nani ajuaye ni wangapi wameshalipata?

"Umesawijika," akanong'ona Ambakisye, shahidi wa thelathini na tisa, mwenzake wa ofisini. Alikuwa mtu wa mzaha kila saa. Subilaga akamgeuzia kioo. Mzaha ukamtoka usoni.

"Ulitumia namba gani?"

"Yangu. Sikupata karatasi."

"Subi, sikiliza." Aliongea bila kusogeza midomo. "Sema huna neno. Jioni twende kwa Mzee, faraghani. Tutafute namba nyingine, tubadilishe saa moja moja, kimyakimya."

"Kubadilisha saa zote ni miezi tisa. Kila mmoja lazima afunguliwe kwa mkono."

"Ndiyo, miezi tisa. Miaka thelathini hakuna aliyeigusa, kwa nini aiguse sasa? Hakuna mtu anayepapasa ukuta mzima akitafuta mlango. Ukisema una neno, kabla hujakaa kila mhuni mwenye kikokotozi ataanza kupapasa."

Maneno yake hayakuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililomuumiza. Kila mwenye saa ya moyo alivaa sumaku shingoni. Akiigusisha kifuani kwa pumzi kumi, saa huziba sikio: haipokei tena amri, nzuri wala mbaya, mpaka ifunguliwe zahanati. Kwa watu elfu sita hilo lilikuwa jambo dogo, wangekaa hata mwaka. Ila walikuwepo mia mbili na kumi ambao mioyo yao iliwekwa sawa kila baada ya masaa matatu. Hao wakiziba, watahitaji kuwekwa sawa kwa ufunguo wa mkono, na ufunguo wa mkono uliobaki Itekele ulikuwa mmoja, umekaa kabatini kwa Lugano.

Mama yake alikuwa mmoja wa hao mia mbili na kumi. Akisema, atawaokoa elfu sita na huenda akamzika mama. Akinyamaza, wote watabaki wazi, mama yake na wao, wakimngoja mtu wasiyemjua. Hakukuwa na njia ya tatu, na alikuwa ameitafuta kila upande.

"Shahidi wa thelathini na moja," Mzee aliita.

Subilaga akamwonyesha mshika kengele kwamba amebanwa na haja, akatoka na simu yake.

*

"Mama, uko wapi?"

"Benchi la zahanati. Nitakuwa wapi na mvua hii? Mbona unahema?"

Akamweleza. Alidhani atahitaji maneno mengi, ikawa machache tu. Upande wa pili akasikia mvua ikigonga bati, na mtu akikohoa.

"Sisi ni wangapi?" mama akauliza.

"Mia mbili na kumi."

"Na hao wengine?"

"Elfu sita na wawili."

"Mmh."

"Mama, Ambakisye anasema tunyamaze kwanza. Miezi tisa tu. Mimi mwenyewe naona labda..."

"Wewe umeitwa huko kushuhudia au kunilea?"

"Mama!"

"Nakuuliza."

Subilaga akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. "Kushuhudia. Lakini mimi nina mama mmoja, na hao elfu sita siwajui!"

"Nawajua mimi. Mmoja ananiuzia mkaa na kuniibia. Mwingine ni yule mwalimu wako wa darasa la tatu." Sauti ya Bi Tumpe ikashuka. "Subi, mficha maradhi kifo humuumbua. Sumaku yangu unajua inakaa wapi?"

"Shingoni."

"Haipo shingoni. Ipo kifuani tangu uliponitajia hesabu yako. Pumzi kumi zimeshapita."

"Mama, hapana! Umefanya nini?"

"Nimeziba. Sasa huna mama wa kujifichia nyuma yake. Rudi ndani, utaitwa."

Simu ikakatika. Subilaga akabaki ameikodolea macho. Alimchukia mama yake kwa kitambo kidogo, chuki ya kweli kabisa, kisha akajifuta uso kwa khanga na kurudi ndani.

*

Ambakisye alikuwa amesimama. Alimtazama Subilaga akipita, akaona macho yake, akajua.

"Una neno?" Mzee alimwuliza.

"Kwa namba niliyopewa," Ambakisye akasema polepole, "sina neno."

Haikuwa kauli ya desturi. Mzee Gwakisa akakunja uso, lakini akaendelea.

"Shahidi wa arobaini. Namba yako umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu."

Ukumbi ukavuma. Huko nyuma mtu akacheka, akidhani ni utani wa mgeni.

"Una neno?"

"Mzee wangu, kabla sijajibu naomba jambo moja." Akaugeukia ukumbi wote. "Kila mwenye saa ya moyo, aliye humu na anayenisikia nyumbani, aigusishe sumaku sasa hivi. Pumzi kumi. Wale wa masaa matatu wajiamulie wenyewe; ufunguo wa mkono ni mmoja, siwafichi. Wengine wote, tafadhalini, zibeni."

Mshika kengele akapiga kengele kwa nguvu kumnyamazisha. "Asiyesikia la mkuu!" mtu akapiga kelele, na wengine wakamalizia methali kwa pamoja, kwamba huvunjika guu. Subilaga hakukaa. Alikuwa anamtazama Mzee Gwakisa.

Mzee alimtazama naye, kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza. Kisha akaegemeza fimbo mezani, akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa sumaku. Watu wengi hawakujua kwamba naye ana saa. Akaiweka kifuani. Akapumua moja, akapumua mbili. Kengele ikanyamaza yenyewe. Ukumbi mzima ukasikia nguo zikifunguliwa vifungo, safu kwa safu, na watu wakihesabu chinichini.

Walipofika kumi, Mzee akashusha mkono.

"Shahidi, una neno?"

"Nina neno. Namba hii si tasa."

Akaisoma ile namba ya kadi, tarakimu moja moja, ili kila mwenye kikokotozi aipime mwenyewe. Mzee akanyoosha mkono, akaletewa kikokotozi cha Subilaga. Alikisoma kile kioo chekundu kuanzia juu hadi chini. Watu walingoja atamke kwamba binti amekosea.

"Siku ile ya kwanza," akasema, "yule wa pili aliposema atachukua namba yangu, nilijua ni kosa. Nilijua vizuri. Nilipaswa kumwambia akae chini arushe kete zake." Akakirudisha kikokotozi. "Lakini nilifurahi. Mniwie radhi. Nilifurahi sana."

Subilaga hakungoja mengine.

*

Zahanati ilikuwa imejaa mpaka barazani. Si wote mia mbili na kumi walioziba. Wengine waliamua kubaki wazi, na hakuna aliyewalaumu. Walioziba walikuwa sabini na watatu. Lugano alikuwa ameshika ufunguo wa mkono, kitu kizito chenye mpini wa mbao, akimhudumia mtu mmoja mmoja. Dakika nne kila mtu. Mafundi walikuwa wanachonga ufunguo wa pili, na wa tatu ungeletwa kutoka ng'ambo ya mlima, barabara ikiruhusu.

Bi Tumpe alikuwa benchini, kipande cha karatasi mkononi. Arobaini.

"Ulikuwa wa kwanza kuziba mji mzima!" Subilaga akafoka. "Imekuwaje uwe wa arobaini?"

"Niliwapisha waliokuwa wamelegea. Na wewe punguza sauti, hapa kuna wagonjwa."

Subilaga alishapiga hesabu kabla hajataka kuipiga. Saa nne na nusu sasa. Walikuwa wameingia wawili. Dakika nne mara waliobaki, inafika kama saa saba. Saa ya mama ingeanza kupotea njia saa sita kasoro kumi. Kuna mioyo inayostahimili, na kuna isiyostahimili, na hakuna hesabu ya kuitenga.

Lugano alichungulia mlangoni. Akamwona Subilaga, akaelewa, akamwita mama kwa kichwa. "Bi Tumpe, njoo wewe. Binti yako ndiye aliyesema."

Watu wakageuka. Jamaa wa karatasi ya thelathini na tisa, kijana mwenye koti la mvua, akainuka papo hapo. "Pita, mama. Mimi nitakutangulia vipi wewe mkubwa wangu?" Aliyemfuata naye akainuka. Kisha mwingine, na mwingine, mpaka benchi lote likawa limesimama kwa heshima, njia nyeupe imefunguka hadi mlangoni, kila mmoja akimwonyesha mkono apite.

Subilaga alimshika mama yake kwapani amnyanyue. Alitaka apite. Asingejitetea mbele ya mtu yeyote kwa kutaka hivyo.

Bi Tumpe hakunyanyuka. Aliwatazama wale watu, midomo yao iliyokauka, viganja vilivyobana vifua.

"Kaeni," akasema. "Kaeni chini, jamani. Mkubwa ndiye aliyetufikisha hapa. Leo kila mtu na namba yake."

Wakasitasita. Kisha kijana wa koti la mvua akakaa, na wengine wakakaa mmoja baada ya mwingine, na Lugano akaita namba ya tatu.

Subilaga akaketi sakafuni kwenye maji ya miguu ya watu, akaushika mkono wa mama yake pale mshipa unapopiga, akaanza kuhesabu.